Kitalu nyumba kabla ya masika

Dada, umeuliza uanzie wapi kusafisha kitalu nyumba chako hapo Goba kabla ya masika, na ukasema nyanya za mwisho zilinyauka zikiwa bado kijani. Mimi ningeanzia kwenye huko kunyauka, nailoni itasubiri. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, ugonjwa unaokaa kwenye udongo. Basi usirudishe nyanya, hoho, bilinganya wala nyanya chungu kwenye udongo huo. Panda chainizi, au tumia viroba vyenye udongo wa kutoka kwingine.

Mabaki yang'oe na mizizi yake, uyatoe nje kabisa. Usiyatupe kwenye mboji, maana kantangaze, yule mdudu anayeshambulia nyanya, naye hujificha humo humo.

Nailoni ioshe kwa sponji na maji ya sabuni. Ule utando wa kijani unakula mwanga, na mawingu ya Aprili peke yake yanatosha. Brashi ngumu hapana, itaichubua. Mipira ya kumwagilia kwa matone fungua ncha, maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi (mimi niliwahi kutoa kijikonokono humo!). Trei na mikasi, osha kwanza, halafu loweka kwenye klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kama dakika 10, kisha suuza.

Na mfereji wa kuzunguka banda uchimbe sasa, udongo ukiwa mkavu.