Pembetatu mraba zenye pande za namba nzima

SWALI: Mhariri, tulifundishwa kwamba pembetatu yenye pande 3, 4 na 5 ni pembetatu mraba (yenye pembe moja ya nyuzi 90), na kwamba ukizizidisha pande hizo kwa 2 au kwa 3 unapata nyingine. Je, zipo ambazo hazitokani na hiyo? Na je, pande mbili fupi zinaweza zote kuwa namba witiri?

JIBU: Zipo, tena hazina idadi. Chukua namba witiri yoyote kuanzia 3, tuseme 7. Mraba wake ni 49, nao ukiugawa katika namba mbili zinazofuatana unapata 24 na 25, na hapo tayari unayo pembetatu yenye pande 7, 24 na 25. Sababu ni kwamba katika pembetatu mraba, mraba wa upande mrefu zaidi ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili fupi, na tofauti ya miraba ya namba mbili zinazofuatana daima ni sawa na jumla ya namba hizo. Njia hii, pamoja na wepesi wake, haiifikii pembetatu ya 8, 15 na 17, kwa hiyo ni afadhali kutumia kanuni ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale: chagua namba mbili zisizo sawa, kwa mfano 4 na 1, kisha tofauti ya miraba yao (15), zao lao mara mbili (8) na jumla ya miraba yao (17) ndizo pande unazozitafuta.

Kuhusu swali la pili, haiwezekani. Mraba wa namba witiri ukigawanywa kwa 4 hubakiza 1, hivyo jumla ya miraba miwili ya namna hiyo hubakiza 2, ilhali mraba wa namba nzima yoyote hubakiza 0 au 1 tu.