Binti ananificha stetasi, baba anasambaza kitambulisho

SWALI: Binti yangu ana miaka 19, anasoma uuguzi hapa Mbeya. Kanizuia nisione stetasi zake za WhatsApp, eti namfuatilia mno, lakini TikTok anarusha video yuko ndani ya daladala na sare ya chuo. Baba yake hataki hata sura yake mwenyewe iwekwe mtandaoni, ila juzi katuma picha ya kitambulisho chake cha taifa cha NIDA kwenye kundi la ukoo lenye watu zaidi ya 100. Nani anakosea? – Mama wa Uyole

JIBU: Mama, wote wanajificha, ila binti anawakwepa wanaomjua: wewe, shangazi, mwalimu. Mumeo anawahofia wasiomjua, na kundi la ukoo kwake ni sebuleni.

Kitambulisho ndicho cha haraka. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Watu wazima wengi wameufanya mwaka huohuo kuwa namba ya siri ya pesa za simu! Tapeli mwenye picha hiyo anapiga akijifanya huduma kwa wateja, anakutajia majina yako matatu na tarehe ya kuzaliwa, nawe unamwamini.

Baba aishikilie ile picha, achague kufuta kwa wote. Zikipita kama siku mbili hataweza tena. Iliyokwisha kuingia kwenye galari za watu hairudi, kwa hiyo abadili namba ya siri leo hii. Kisha apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aende duka la mtandao husika ifutwe. Meseji ya kitapeli ikija asiijibu, aitume 15040.

Binti msimkataze TikTok, atafungua akaunti nyingine msiyoijua. Mwonyesheni video yake mwenyewe, muisimamishe pale kibao cha ruti kinapoonekana: sare inasema anasoma wapi, kibao kinasema anapita wapi, na akirusha papo hapo, mtu anajua yuko wapi saa hiyo. Aihifadhi kwenye rasimu, airushe akishafika.

Stetasi mwachie, ni mtu mzima. Badala yake mpe kazi: amwekee baba yake uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada, kwenye WhatsApp. Aingie Mipangilio, kisha Akaunti, baba achague mwenyewe tarakimu 6 zisizotokana na tarehe yake ya kuzaliwa.