Jibu: Spana na soketi za gereji, King Tony au Snap-on?
Mkuu, kama ni gereji ya hapa Tanga na gari zenyewe ndo hizi Toyota, chukua King Tony, mzigo wa Taiwan, chuma chake kroomu vanadiamu haikutii aibu, Snap-on ya Marekani tamu ila bei yake mmh waachie wenyewe. Soketi sasa, chukua za pembe 6, zile za pembe 12 zikikutana na nati ya kutu zinateleza zinaimaliza kona, na kwa chumvi hii ya bahari huku kwetu nati zote kutu tu! Soketi namba 10, yaani ya milimita 10, nunua hata mbili, huwa inapotea kimiujiza. Halafu racheti, ule mpini wa kuzungushia soketi wenye meno ndani, usiichomeke bomba kulegezea nati ngumu, utaua meno, tafuta mpini mrefu usio na meno (breaker bar).