Simu na Kupima VVU: Maswali Yenu ya Wiki Hii

Barua nyingi za wiki hii zimehusu simu na kupima VVU. Naanza na iliyoingia asubuhi na mapema. Mwandishi wake nilimjibu palepale, lakini naiweka hapa kwa ajili ya mwingine.

Dada, kondomu imepasuka jana usiku. Programu ya simu inasema nipime baada ya miezi mitatu. Ningoje?

Usingoje hata kesho. Programu imekujibu habari za kupima, na wewe shida yako sasa ni kuzuia. Zipo dawa za dharura, PEP, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72, na ukiwahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28. Nenda kituo cha afya leo, useme kwa maneno hayohayo: "Kondomu imepasuka, nataka PEP." Programu inayoshauri bila kwanza kuuliza "lini?" mimi siiamini.

Nimejipima kwa kipimo cha mdomoni nikifuata video kwenye simu. Mstari umetokea mmoja, penye C. Nilifanya ngono bila kinga wiki mbili zilizopita. Nimesalimika?

Bado hujui. Mstari wa C unasema kipimo kimefanya kazi, basi. Kipimo hiki hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta kingamwili, na mwili huchukua muda kuzitengeneza. Kwa kipimo cha kujipima, hesabu miezi mitatu tangu siku ya tukio, kisha urudie.

Ukirudia, pitisha kijiti kwenye fizi za juu mara moja na za chini mara moja. Usisugue kama mswaki. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake, maana kipimo kilichosahaulika mezani usiku kucha hakisomeki. C isipotokea, kimeharibika. Ikitokea pamoja na T, mstari unaoashiria kwamba huenda una VVU, hata T ikiwa imefifia, nenda ukapimwe tena kituoni kabla hujaamua lolote.

Simu yangu mama huishika. Ujumbe wa "kumbuka kupima VVU" ukiingia akiwa nayo je?

Mdogo wangu, hofu yako ina msingi, na wanaotuma hizo jumbe wangepaswa kuiwaza kabla yako. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2010 uliwahusu watu walioanza ARV. Kila wiki walitumiwa neno moja: "Mambo?" Wakajibu "Sawa" au "Shida", na aliyejibu "Shida" alipigiwa na mhudumu. Mama gani angeshtuka kuona "Mambo?" Na waliotumiwa walimeza dawa zao vizuri kuliko wasiotumiwa.

Kwa hiyo iombe huduma yako ibadili maneno. Wakikataa, jitoe, kupima hakuhitaji usajili wa simu. Kwako wewe, zima maandishi yanayojitokeza kwenye kioo kilichofungwa, na namba yao uihifadhi kwa jina lisilouliziwa.

Sisi ni waelimishaji rika. Tuliwatumia vijana 200 ujumbe huu: "UKIMWI unaua! Kapime sasa!" Wamekuja wachache mno. Tumekosea wapi?

Kwenye "unaua". Anayeogopa mmemzidishia woga, halafu hamkumwambia aende wapi. Kijana anataka kujua nani atamwona pale mlangoni, atakaa muda gani, na majibu yakiwa mabaya itakuwaje. Andikeni siku, saa, na kwamba anaweza kuchukua kipimo akajipime mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limependekeza njia hiyo tangu 2016. Waambieni pia kwamba anayetumia ARV mpaka virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Vijana wengi hawajawahi kusikia hilo.

Kisha mwachieni nafasi ya kujibu, na awepo mtu wa kusoma majibu hayo. Kijana akiandika "naogopa" saa nne usiku akapata kimya, ujumbe wenu wa pili hataufungua.

Kuna programu inayopima VVU kwa kuweka kidole kwenye kioo cha simu?

Hakuna. Simu inaweza kukuelekeza, kukukumbusha, hata kukusaidia kusoma mistari, lakini damu au majimaji ya mdomoni lazima yawepo. Hiyo ifute.