Maswali ya Wasomaji: Ufadhili wa Uzamili wa Historia

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Nimezaliwa Leicester kwa wazazi waliotoka Zanzibar, na katika familia yetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Nimemaliza shahada ya kwanza ya historia, na ninatamani kuendelea na uzamili juu ya biashara ya majahazi baina ya Pemba na Omani, lakini baba anaendesha teksi na ada hatuiwezi. Mwalimu wangu amenielekeza kwenye fedha zilizotengwa kwa wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo. Naona haya, kana kwamba naenda kuomba sadaka kwa sababu ya rangi yangu. Je, niombe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Omba, tena usichelewe. Mwaka 2018 Royal Historical Society, chama cha wanahistoria wa Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1868, kilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba asilimia 93.7 ya wanataaluma wa historia katika vyuo vikuu vya nchi hiyo walikuwa Wazungu, na kwamba weusi hawakufika hata asilimia moja. Upungufu huo umelidhuru somo lenyewe, kwani yako maswali ambayo hayaulizwi kwa kuwa hayupo wa kuyauliza. Ndiyo maana mwaka 2022 chama hicho kilianzisha ufadhili wa uzamili wa pauni 5,000 kwa kila anayechaguliwa. Huruma haimo humo.

Fedha hizo hazitoshi, na katika vyuo vingi hazifikii hata ada ya mwaka. Uliza chuoni kwako kama huwapunguzia ada wahitimu wake, kama vinavyofanya vyuo vingi, kisha utazame mkopo wa serikali wa uzamili ulioanza England mwaka 2016. Mkopo huo una riba, na kama jambo hilo lina uzito nyumbani kwenu, lizungumzeni mapema, lisije likazuka mwezi wa Septemba wakati nafasi umekwisha kuipata.

Sasa barua ya maombi. Nimepitia barua nyingi za vijana, na wengi hujaza ukurasa mzima kwa dhiki za nyumbani, swali la utafiti likasukumwa hadi aya ya mwisho. Teksi ya baba itaje kwa sentensi moja, nayo inatosha. Wewe anza na jahazi: nani aliyemkopesha nahodha fedha za safari, karafuu zilipimwa kwa kipimo gani, na deni liliandikwa wapi. Kama bibi yako alikufundisha kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, liseme hilo waziwazi, kwa sababu SOAS, chuo kikuu kilichoko London, wanahifadhi miswada ya Kiswahili ya namna hiyo, na wanafunzi wanaoweza kuisoma bila mkalimani ni wachache mno. Hicho ni chombo cha kazi ambacho mwenzako mwenye alama za juu kuliko zako huenda hana. Mwalimu atakayekuandikia mapendekezo mpe rasimu yako wiki tatu kabla, naye apate la kusema juu ya utafiti wenyewe badala ya kukusifia tabia njema.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari mjini Tanga. Fedha hizo zinanihusu?

JIBU: Wewe elekea Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, unaolipia uzamili wa mwaka mmoja, yaani ada, nauli na posho, na historia haikukatazwa. Masharti yake mawili yanawashinda wengi: uwe na saa zisizopungua 2,800 za uzoefu wa kazi, na baada ya masomo urudi nyumbani kwa muda wa miaka 2. Ualimu unahesabiwa, na hata kazi ya kujitolea inahesabiwa. Maombi kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Agosti, kwa hiyo anza sasa kuandika kila shule uliyofundisha, miezi uliyokaa hapo na saa ulizofanya kazi kwa wiki. Fomu itayadai hayo yote.