Oili ya giaboksi otomatiki kupata moto kwenye jam (W123 280E): anza na feni, rejeta ndogo baadaye

Swali kwa ufupi: Mercedes W123 280E ya 1983, otomatiki. Ikikaa muda mrefu kwenye jam ya Mombasa Road, Nairobi, inachelewa kushika gia, na oili inanuka kuungua. Fundi anataka paipu za giaboksi ziondolewe kabisa kwenye rejeta ya maji, zipelekwe kwenye rejeta ndogo ya oili mbele ya gari.

Rejeta ndogo ifunge tu. Lakini usiitoe rejeta ya maji ya kiwandani kwenye mzunguko wa oili, na usinunue chochote kabla hujaangalia feni.

Nairobi si mji wa joto. Kinachochemsha oili hapa ni mwendo wa konokono bila upepo. Toki konvata, kiungo kati ya injini na giaboksi, hupitisha nguvu kupitia oili, na tofauti ya mwendo kati ya upande wa injini na upande wa giaboksi huzaa joto. Kwa kilomita 80 kwa saa pande hizo mbili zinakaribiana, joto ni kidogo na upepo ni wa bure. Ukisonga hatua mbili na kusimama, hali ni kinyume chake. Isitoshe, tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo feni ileile haipozi vizuri kama kule. Maji yasiyo na presha huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana kifuniko cha rejeta kilichochoka ni tatizo la giaboksi pia: kisiposhika presha maji huchemka mapema, na oili hupozwa na maji hayo ya rejeta, kwa hiyo haiwezi kushuka chini ya joto lake.

Sasa feni. Zima injini ikiwa moto kabisa, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka kwa uhuru raundi kadhaa, klachi yake ya silikoni (ile inayoishika feni injini ikipata moto) imekufa. Ikiwa nzima inakupinga na kusimama upesi. Angalia pia kava la plastiki linaloizunguka. Magari mengi ya umri huu mjini hayana kava, kwa sababu fundi fulani alilitoa ili mkono upite, halafu likabaki gereji. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ndani ya boneti badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kava la mtumba litakusaidia kuliko rejeta ya oili ya bei kali, na watu hawapendi kusikia hivyo kwa sababu kava halina sifa ukifungua boneti kwenye maonyesho ya Ngong Racecourse. Kama rejeta yenyewe imeziba kwa chumvi za maji ya kisima, ipeleke ikasafishwe, na kuanzia hapo tia kuleanti na maji yaliyosafishwa.

Hatua ya pili ni oili yenyewe. Ikishanuka kuungua haiponi kwa kupozwa, imwage. Giaboksi hii ina boliti ya kumwagia kwenye sampu (bakuli la oili lililo chini yake), na nyingine kwenye toki konvata ambayo mafundi wengi huiruka. Zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya mbele ya krenki huku mwenzako akichungulia tundu lililo chini ya nyumba ya konvata, mpaka boliti itokeze. Zote mbili ni za aleni ya milimita 5. Ukiiruka ya konvata, sehemu kubwa ya oili chafu inabaki ndani. Badilisha filta na gasketi ya sampu. Boliti za sampu zinakazwa Nm (newtonimita) 8 tu na zile za kumwagia Nm 14. Ukizikaza kwa hasira sampu inapinda, kisha unalaumu gasketi.

Nunua lita 7 za oili ya giaboksi otomatiki ya daraja la Dexron II au III. Dexron VI ni nyepesi zaidi, mimi siitii kwenye giaboksi ya miaka hiyo. Tia lita 4, washa injini, kisha ongeza kidogo kidogo. Pima injini ikiunguruma, gia ikiwa P, oili ikiwa nyuzi 80. Kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti cha kupimia oili ni lita 0.3 tu, kwa hiyo kumimina kwa kukisia ni hatari. Ikizidi, inapigwa hadi kutoa povu, na povu halishiki klachi wala halipozi. Ukipima ikiwa baridi, oili inatakiwa ionekane sentimita moja hivi chini ya alama ya chini. Wengi hapo huongeza, na hapo ndipo inapozidi. Futa kijiti kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Ukitoa oili, iangalie rangi. Ikiwa ya pinki iliyovurugika kama maziwa lala ya stroberi, kipozaji kilicho ndani ya tangi la rejeta kimetoboka na maji yameingia giaboksi. Usiendeshe. Maji huachanisha gundi ya pleti za klachi. Hilo ndilo jambo ambalo fundi wako analiogopa, na ana haki, ila dawa yake ni rejeta nzima, si kuikwepa. Oili ikipungua bila kuvuja chini na gari linatoa moshi mweupe, chomoa mpira wa vakyumu (unaotoka kwenye injini) kwenye modyuleta, kifaa cha giaboksi kinachohisi mzigo wa injini: ukikuta oili ndani, ngozi yake imepasuka na injini inaivuta na kuichoma.

Kufunga rejeta ndogo: chagua ya pleti zilizopangwa, si ya bomba moja lenye mapezi. Iwe baada ya rejeta ya maji, kwenye paipu inayorudi giaboksi. Kwa mpangilio huo rejeta ya maji huondoa joto jingi kwanza na kuipasha oili asubuhi za Julai, nayo ndogo humalizia. Kujua paipu ya kutoka, washa injini ikiwa baridi na ushike zote mbili: inayotangulia kupata joto ndiyo inayotoka. Iweke mahali ambapo feni inavuta hewa, mbele ya kondensa (rejeta ya AC), kwa mabano ya chuma. Zile kamba za plastiki zinazopenyezwa kwenye mapezi hutoboa rejeta kwa mtikisiko. Midomo iangalie juu au pembeni ili hewa isinaswe.

Mpira uwe wa oili ya giaboksi, wa kipenyo sawa na paipu zako. Mpira wa maji au wa petroli hulainika na kupasuka. Ukikata paipu ya chuma, mdomo wake upanuliwe kidogo kabla ya kuvaa mpira, la sivyo utachomoka kwa presha na giaboksi itakauka ndani ya dakika chache.

Kisha pima. Chomoa paipu inayorudi, ielekeze kwenye chupa, mtu awashe injini: lita moja ijae kwa sekunde 20 hivi. Ikichelewa sana, kuna kilichoziba. Kwa joto, bandika utepe mweusi wa umeme kwenye sampu na umulike hapo kwa kipimajoto cha mkononi, maana chuma king'aacho hudanganya kwa kusoma chini. Nyuzi 80 hadi 95 ni sawa. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya hapo hukata umri wa oili nusu.

Ukisimama kwenye mlima usilishikilie gari kwa kukanyaga mafuta, tumia breki. Jam ikisimama kabisa, weka N. Ukipanda mlima kutoka Mai Mahiu, shuka gia moja chini ya D: injini itapiga kelele zaidi, lakini konvata haitelezi sana. Otomatiki si dhaifu kwa barabara zetu. Mercedes 450 SLC 5.0 aliyomaliza nayo Hannu Mikkola nafasi ya pili kwenye Safari Rally ya 1979 ilikuwa otomatiki.

Baada ya kilomita 100 kaza klipu zote upya na upime kijiti tena, kwa sababu rejeta mpya na mipira yake nayo imemeza oili.