Shomoro mwenye kidevu cheusi: usiende mwishoni mwa Agosti

Mtoa mada, sitisha malipo ya safari hiyo kwanza. Unasema umeshauriwa kwenda milima ya kusini mwa California mwishoni mwa Agosti kumtafuta shomoro mwenye kidevu cheusi, Spizella atrogularis, kwa kuwa wageni huwa wamepungua, kisha unauliza ununue darubini gani na ulale wapi. Darubini ya kumtazama ndege asiyekuwepo ni ipi?

Mimi niliuziwa ratiba hiyo hiyo na mwongoza watalii aliyeniapia, bila hata kupepesa macho, kwamba ndege wa mlimani hahami. Nililipia tiketi, gari na huyo muapaji mwenyewe, nikapanda miteremko ya mawe yenye vichaka vikavu vinavyofika kifuani na kukwaruza suruali, nikawaona mijusi wa kila aina. (Ukitaka ushauri kuhusu mijusi, niulize mimi.) Ukweli ni kwamba ndege huyu hufika California kuzaliana kuanzia Aprili, na ifikapo mwisho wa kiangazi wengi huwa wamekwisha kushika njia ya kusini. Anayechelewa kuondoka haimbi, na dume, baada ya msimu wa kuzaliana, hupoteza sehemu kubwa ya ule weusi wa kidevuni unaomtambulisha. Hubaki kijivu kichwani na kifuani, mgongo wa hudhurungi wenye michirizi na mdomo wa waridi, karibu sawa na jike. Siku moja mwongozaji alinishika bega kwa furaha akinionyesha ndege mwenye kichwa cha kijivu na mdomo wa waridi, lakini aliporuka tu, manyoya meupe yakaonekana pembeni mwa mkia. Alikuwa junko, ndege wa kawaida kabisa milimani huko! Shomoro wetu ana mkia mrefu usio na weupe huo. Fedha zangu, bila shaka, hazikurudi.

Kwa hiyo nenda wakati anapoimba, kati ya mwishoni mwa Aprili na Juni, tena asubuhi. Dume hupanda juu ya kichaka akatoa milio michache mikali iliyoachana, kisha milio hiyo huzidi kukaribiana hadi inakuwa mtetemo mmoja, mfano wa gololi iliyoangushwa sakafuni. Msikilize kwanza, ndipo umtafute kwa macho, kwa sababu ni ndege wa sentimita 15 hivi, mkia ukiwemo, mwenye uzito wa takriban gramu 11, na akinyamaza ndani ya vichaka hivyo utapita hatua chache kutoka alipo usijue. Idadi yake katika mteremko mmoja hubadilika sana mwaka hadi mwaka, basi usitegemee taarifa za zamani. Wala usimchezee rekodi ya wimbo ili ajitokeze. Kiota chake kiko chini kichakani, na mayai yake ya buluu iliyofifia yanamhitaji mzazi kuliko wewe unavyohitaji picha.

Na huyo anayekuuzia Agosti, muulize ni mwezi gani alimsikia dume akiimba kwenye mteremko huo mara ya mwisho. Akianza kukueleza uzuri wa gari lake, funga pochi.